Kungoja Toleo Jipya

Kompyuta ya Luqman haikuwa imezimwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Kilikuwa kiboksi kidogo cha mezani, nusu ya mkate wa slesi kwa ukubwa, kimekaa kwenye meza ya nyuma ya studio yao ya picha pale Karatu, barabara ya kwenda sokoni. Feni ndogo ilikipulizia mchana na usiku kama mgonjwa wa homa. Luqman alikuwa na imani moja tu juu yake: siku kikizimwa, hakiwaki tena. Kwa hiyo jioni walizima taa, wakazima skrini, wakafunga kufuli mbili, na kiboksi kikaachwa kinanguruma peke yake. Mkewe, Zulfa, alikuwa akisema kwamba nyumba yao ina wagonjwa watatu, yaani mama mkwe mwenye presha, luku ya umeme isiyokaa, na hiyo kompyuta, na kwamba anayejuliwa hali kila asubuhi ni mmoja.

Dawa ya yote ilikuwa toleo jipya. Kampuni inayotengeneza vile viboksi, huko ng'ambo, ilikuwa na kawaida ya kutoa kipya kila mwaka au mwaka na kitu. Safari hii mwaka ulipita, wa pili ukapita, na kipya hakikuonekana. Kila usiku kabla ya kulala Luqman alisikiliza kwenye simu vijana wa nchi za mbali waliojifanya kujua siri za kampuni. Walisema Machi. Machi ilipokwisha wakasema Juni, na wakasema kwa uhakika uleule. Ashrafu, anayeuza kompyuta Arusha, alimpigia mara mbili kumwambia ana toleo la zamani, limetumika kidogo, bei ya kirafiki. Luqman alimcheka. "Ninunue la zamani leo, kesho jipya litoke, la kwangu liwe gunzi?" Na hela ya kulinunua jipya ilikuwepo, imefungwa kwenye mtandio kabatini, ikimegwa kidogo kila shule zinapofunguliwa.

Ilipasa mtu ajue kilichomfikisha hapo ndipo amwonee huruma. Mwaka uliopita alionyesha ukumbini video ya harusi ya binti wa tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi. Katikati ya video ile kompyuta ilisinzia, na bibi harusi akaganda ukutani, mkubwa kama lori, mdomo wazi na pilau ndani. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Vijana wakapiga picha, na kwa wiki nzima bibi harusi yule alizunguka kwenye simu za Karatu. Luqman alirudi nyumbani akala kiapo: hakuna kazi itakayotoka dukani kwake kupitia kile kiboksi. Angepiga harusi, angezipakua na kuzihifadhi, na zote zingehaririwa siku mashine mpya ikifika.

Aliyepewa kazi ya kuwaeleza wateja alikuwa Zulfa.

*

Eunike alikuja mara ya kwanza mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeila barabara. Alitoka Piyaya, akalala Wasso, akapanda basi la alfajiri, akaingia Karatu saa tisa mchana, matope yamemfika mpaka kwenye shanga za miguuni. Zulfa alimfahamu kwa umbo tu, kutoka kwenye skrini, mrefu na mkimya. Desemba Luqman alikwenda Piyaya siku mbili kupiga harusi ya binti wa Eunike, Felista, aliyeolewa na dereva wa watalii wa hapahapa mjini. Dereva yule alilipa gharama zote kabla ya kamera kutoka kwenye begi, jambo ambalo Luqman alilisimulia kwa mwezi mzima. Zulfa alimwamkia kwa kumwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mama Hanifa. Nimefuata picha ya harusi."

"Pole na safari. Na pole na msiba wa mzee, tulisikia."

"Tumeshapoa," alisema Eunike. Hakumtaja mumewe kwa jina, kwa sababu kwao marehemu hatajwi. "Picha imeiva?"

Zulfa aliyajua maneno yake kama sala. "Bado kidogo, yeyo. Baba Hanifa anangoja mashine mpya. Hii ya sasa imechoka, hataki iharibu kazi yako."

"Inatoka wapi hiyo mashine?"

"Ng'ambo."

"Iko njiani?"

Zulfa aligeukia birika la chai. "Iko njiani."

Haikuwa njiani. Haikuwa hata imetangazwa. Lakini Eunike aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayejua njia zilivyo, akasema basi atarudi ikifika. Zulfa alimpa chai na andazi kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

*

Mara ya pili alikuja Juni, na siku hiyo Luqman alikuwa Endabash anapiga kipaimara. Eunike hakuuliza kama picha imeiva. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri picha za paspoti, akavua kandambili, akasubiri mpaka mteja wa mwisho atoke.

"Mama Hanifa, nataka nikueleze, maana naona hujui ninachofuata. Wewe unafikiri nafuata harusi."

"Si ndiyo, yeyo?"

"Ile asubuhi Felista anatoka bomani, mzee wangu alimsimamisha kwenye mlango wa zizi. Ana maziwa, ana nyasi mkononi, anambariki. Tulikuwa wachache, watu wengine bado wamelala na pombe. Alipobariki akasema na habari ya ng'ombe. Akasema mitamba kumi na mmoja, ile yenye sikio la kushoto lililokatwa, ni ya nyumba yangu, mtu asiiguse. Mimi sina mtoto wa kiume. Alijua, ndiyo maana akasema."

"Nani alisikia?"

"Mimi. Felista. Moloimet, mdogo wake mzee. Na mume wako na kamera." Alipangusa vumbi kwenye goti. "Sasa mzee hayupo, Moloimet ameihamisha mitamba yote kwake. Ukimuuliza, anasema siku ile kulikuwa na upepo, hakusikia kitu."

"Na Felista?"

"Felista akisema, wanasema huyo si mtoto wa mama yake? Nikisema mimi, wanasema mjane ana tamaa. Kamera haina upande. Wazee wamesema, kama maneno yapo kwenye picha, yaletwe, watasikiliza, watakata shauri." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiomba kitu asichozoea kuomba: "Mimi sitaki maua. Sitaki mziki. Nipe hayo maneno tu, hata yakiwa mabichi. Mzee Sitonik, mmoja wao, ana simu kubwa, yataingia."

Zulfa alijua kwamba yataingia. Alijua zaidi ya hapo. Usiku ule Luqman aliporudi kutoka Piyaya na kupakua kazi, yeye alikaa kando yake anachambua mchele, akamwona mzee kwenye skrini, shuka jekundu, nyasi zikidondosha maziwa, akauliza, "Huyu nani?" Luqman akamwambia ni baba wa bibi harusi. Faili liliitwa Piyaya Desemba. Flashi ilikuwepo kwenye droo, chini ya mkasi. Ingekuwa kazi ya dakika kumi, na chai isingepoa.

Aliivuta droo, kisha akampigia mumewe.

"Usitoe kitu hapo!" Luqman alipaza sauti juu ya kelele za kwaya. "Kazi mbichi haitoki dukani kwangu. Pale mbuzi aligonga miguu ya kamera, picha inacheza yote. Mwambie mwezi ujao. Nimeona jana, mwezi ujao linatoka, safari hii ni kweli."

Simu ikiwa sikioni, Zulfa alimtazama Eunike, na Eunike alikuwa ameshaelewa, maana watu waliozungushwa sana huelewa kabla hawajaambiwa. Zulfa aliona aibu. Aliimeza, kwa sababu kwao amefundishwa kwamba neno la mume halivunjwi mbele ya mteja, na akaisukuma droo ikajifunga.

"Anasema mwezi ujao, yeyo."

"Sawa." Eunike alivaa kandambili zake. "Wazee wameningoja mara mbili. Kikao sasa ni tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Hawataningoja tena. Nitakuja siku mbili kabla."

*

Jioni ile walikula ugali na mlenda bila kutazamana. Hanifa, binti yao wa darasa la pili, alimaliza akapelekwa kwa bibi yake kumsomea. Ndipo Zulfa akaanza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba Hanifa."

"Na subira huvuta heri."

"Heri ya nani? Yule mama analala Wasso ili aje kuambiwa mwezi ujao."

Luqman alinawa mikono polepole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Zulfa. Mume mbaya ungemgombeza ukalala. "Wewe hukuwepo ukumbini siku ile," alisema. "Hukusikia watu walivyocheka. Unataka na Piyaya wanicheke, wazee wazima wamezunguka simu, picha inatikisika kama tetemeko, wakiuliza nani alipiga hii?"

"Hawatakutazama wewe. Watamtazama marehemu."

Luqman alijifuta mikono kwa taulo. Mwishowe alisema, kama mtu anayetoa jino, "Basi. Kesho nitamtolea hicho kipande, nikiweke kwenye flashi. Umefurahi?"

Zulfa alifurahi. Lakini kesho yake walikuja wanafunzi arobaini wa paspoti, keshokutwa printa ikameza karatasi, na mtondo wake kukawa na harusi. Luqman alisahau. Zulfa hakusahau, mara mbili alifungua kinywa kumkumbusha, na mara mbili aliona ametulia, anapiga mluzi, naye hakutaka kuuharibu uso ule. Agosti ilikuwa bado mbali.

*

Umeme ulikatika wiki ya tatu ya Julai, siku waliyokwenda wote kuzika shangazi yake Luqman. Betri ya akiba iliibeba kompyuta kwa nusu saa kisha ikakata tamaa. Umeme ulirudi kwa nguvu, ukakatika, ukarudi. Walipofungua mlango jioni, kitu cha kwanza walichosikia ni kimya. Feni ilikuwa inazunguka, inapuliza, na mbele yake kiboksi hakingurumi.

Luqman alikibonyeza. Alikichomoa, akakichomeka, akasema Bismillahi, akakibonyeza tena. Kesho yake alikifunga kwenye taulo, akakipakata mpaka Arusha. Alirudi siku hiyohiyo, taulo begani, kiboksi kwenye mfuko wa rambo.

"Imeungua," alisema. "Na sehemu inayotunza kazi ndiyo iliyoungua. Fundi anasema hakuna kitu cha kutoa mle."

"Kadi za kamera je?"

"Kadi ninazo nne, mama Hanifa. Tangu Desemba nimezifuta, nikapigia harusi tisa."

"Na ile diski ya nje uliyosema utanunua?"

Luqman alikaa kwenye benchi la paspoti. "Nilikuwa nangoja ninunue pamoja na mashine, ziendane," alisema, na macho yakamjaa maji, na Zulfa, aliyekuwa na maneno yote tayari mdomoni, akayaacha.

Alitaka kumpigia Eunike siku ileile. Luqman akamzuia: kuna fundi mwingine, wa Nairobi, wanasema anafufua hata zilizozama mtoni, asimtie mama wa watu presha bure, wangoje jibu lake kwanza. Wakangoja tena. Jibu la Nairobi lilipokuja, nalo halikuwa na heri, simu ya Eunike ilikuwa haipatikani, mkwe wake, yule dereva, alikuwa porini na wageni, siku kumi, na nyumbani kwa Felista hawakupajua.

Na katikati ya wiki hizo, bila kelele, toleo jipya likatoka.

*

Ashrafu alilileta mwenyewe tarehe kumi na mbili Agosti, maana alikuwa anapita na gari. Luqman alihesabu hela kutoka kwenye mtandio, milioni mbili na ushei, akalipokea boksi kwa mikono miwili. Kilikuwa kidogo kuliko cha zamani, cheupe, baridi, hakingurumi wala hakipumui. Ashrafu alisema kina nafasi ya kumeza harusi za Karatu nzima. Luqman alisema ndiyo, ndiyo, na hakutabasamu.

Saa tisa na nusu, Zulfa aliona kivuli kirefu kikivuka barabara kutoka upande wa stendi. Luqman naye alikiona. Siku hiyo alikumbuka swala ya Alasiri kabla mwadhini hajaikumbuka. Alichukua kofia yake, akatokea mlango wa nyuma.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba." Eunike alikuwa amevaa vizuri, shuka jipya na shanga zake zote, vazi la mtu anayekwenda barazani. Alikiona kiboksi cheupe mezani, nailoni yake bado imebanduliwa nusu, na uso wake wote ukafunguka. Zulfa hakuwa amewahi kumwona akicheka. "Ndiyo hii tuliyokuwa tunaingoja?"

"Ndiyo hii."

"Ni ndogo." Alikigusa kwa kidole kimoja. "Imefika wakati wake. Fungua basi, nimsikie."

Zulfa alifunga mlango wa mbele, akageuza kibao. Alimkalisha kwenye benchi, akakaa naye bega kwa bega, kwa sababu hakuweza kulisema lile jambo akimtazama machoni. Alimwambia yote: umeme, Arusha, Nairobi, kadi nne. Alimwambia na habari ya droo, na flashi iliyokuwa chini ya mkasi, na kwamba Juni ile angeweza. Hilo hakuwa amemwambia hata Luqman.

Eunike hakulia wala hakupaza sauti. Alilinyoosha shuka lake mapajani. Nje mtu aligonga, akasoma kibao, akaondoka.

"Wewe uliiona?" aliuliza mwishowe. "Kabla haijafa. Uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona, yeyo. Siku aliyorudi nayo."

"Mzee ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Eunike akageuka, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. "Basi twende. Kesho alfajiri kuna basi. Utasema wewe. Wewe si wa ukoo, si mtoto wangu, huna ng'ombe. Wazee watakusikiliza."

"Yeyo, mimi Kimasai sijui."

"Usiseme maana yake. Sema ulivyosikia tu. Wao watajua maana."

Zulfa alifumba macho. Aliona huo ndio msamaha wake, akautafuta kwa nguvu zake zote. Alimwona mzee, shuka jekundu, maziwa yakidondoka kwenye nyasi. Alimwona Felista ameinama. Aliusikia upepo, ule wa Moloimet, ukipuliza kwenye kipaza sauti, na chini yake sauti ya mzee, nzito, inakwenda, inapumzika, inakwenda. Maneno yenyewe yalimpita kama maji kwenye chekeche. Lakini kila mzee alipopumzika, kulikuwa na neno moja, fupi, lilelile.

"Naai," alisema Zulfa.

Eunike alimkaza mkono. "Endelea."

"Naai," alisema tena. "Kisha anasema maneno mengi. Kisha, naai. Naai."

Eunike alingoja. Alingoja alivyongoja mwezi wa nne, na mwezi wa sita, bila kusumbua. Zulfa alifumbua macho, na Eunike akaona kwamba mle ndani hakuna kingine.

"Hiyo si yeye," alisema taratibu. "Hiyo ni sisi tunaitikia. Hiyo ni amina, mama Hanifa." Aliuachia mkono. "Hata Moloimet aliitikia."

Alisimama, akazikusanya shanga zake zisilie, akauliza kama basi la Wasso bado linatoka saa kumi na moja alfajiri. Zulfa alisema ndiyo. Alimsindikiza mpaka barazani, akasimama akimtazama anavuka barabara kurudi alikotoka, na kwa mara ya kwanza hakumwambia arudi mwezi ujao.